Sura ya 9: Kiti Kilichogoma Kupoza

Mteja akikwambia kiti chake hakipozi tena, mita iache kwanza kwenye boksi. Muulize. Kilipokuwa kizima, alikuwa anasikia ubaridi mgongoni au upepo tu? Kimeanza lini kusumbua, na kabla ya hapo gari liliguswa na nani? Liliingia kwenye maji? Siti zilivalishwa kava mpya? Majibu yake yatakuonyesha uko mbele ya kiti cha aina gani, na aina ya kiti ndiyo inayoamua upime nini.

Kibonye chenye picha ya kiti hakitoshi kukueleza hayo, maana kuna viti vya aina tatu. Cha kwanza ni kiti cha joto pekee. Saab walikuwa navyo tangu 1972, na anayeijua baridi ya Sweden haulizi kwa nini. Ndani yake mna waya mwembamba au nyuzi za kaboni zilizolazwa kwenye kitambaa chini ya ngozi ya kiti. Umeme ukipita, zinapata moto, basi. Cha pili ni kiti cha feni, ambacho Saab haohao walikuja nacho kwenye 9-5 ya mwaka 1997. Hiki hakitengenezi ubaridi wowote. Feni ndogo ndani ya sponji huvuta au husukuma hewa ileile ya ndani ya gari kupitia vitundu vya ngozi, jasho linakauka, mwili unajisikia umepoa. Cha tatu ndicho chenye mambo. Kilitokea kwenye Lincoln Navigator ya modeli ya 2000, na mfumo wake ulitengenezwa na Amerigon, kampuni ambayo sasa inaitwa Gentherm. Hiki kinapoza hewa kwelikweli na kuipasha moto kwelikweli, tena kwa kifaa kimoja.

Siri ya kifaa hicho ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Charles Peltier aligundua kwamba ukipitisha umeme kwenye maungio ya metali mbili tofauti, ungio moja linapoa na jingine linapata moto. Miaka minne baadaye, Heinrich Lenz alichukua bismathi na antimoni, akaweka tone la maji kwenye ungio lake, akapitisha umeme: tone likaganda. Akageuza mwelekeo wa umeme: barafu ikayeyuka. Kiti cha Navigator kinafanya jambo hilohilo. Chini ya sponji kuna kigae kidogo cha Peltier, chenye vipande vingi vya nusukipitishi vilivyoungwa kimoja baada ya kingine, na feni inayopuliza hewa pande zote mbili. Hewa ya upande wa baridi inakwenda mgongoni kwa dereva. Ya upande wa moto inatupwa chini ya kiti. Dereva akibonyeza joto, kontroli boksi inageuza mwelekeo wa umeme, na pande zinabadilishana kazi.

Hapo tayari umepata kipimo cha kwanza kisichohitaji chombo chochote. Kama kiti cha Peltier kinapasha lakini hakipozi, kigae chenyewe huenda ni kizima, kwa sababu umeme unapita humohumo kwa kazi zote mbili. Tafuta kwenye boksi inayogeuza mwelekeo, au kwenye hewa: chujio la chini ya kiti likiziba kwa vumbi, upande wa moto unakosa pa kutupia moto wake na boksi inazima mfumo kujilinda. Lakini kama kiti ni cha feni, na joto lake linatoka kwenye nyuzi, basi joto na upepo ni njia mbili zisizojuana. Uzima wa moja haukuambii lolote kuhusu nyingine.

Na kabla hujatangaza ugonjwa, hakikisha upo. Gari lililoshinda juani Kariakoo au Mombasa lina hewa ya moto kuliko ya nje. Kiti cha feni kitapuliza moto huohuo, na cha Peltier kitaipunguza hewa hiyo nyuzi chache tu, kwa sababu kifaa hiki kina nguvu ndogo ukikilinganisha na kompresa ya kiyoyozi. Washa kiyoyozi, gari lipoe, ndipo ukihukumu kiti. Angalia pia kilichovalishwa juu yake. Huku kwetu watu wanalipenda gari, wanalivalisha kava nene za plastiki juu ya ngozi yenye vitundu, kisha wanashangaa upepo umekwenda wapi. Wengine wamepeleka siti kushonwa upya kwa ngozi isiyo na tundu hata moja. Hakuna umeme unaoweza kutibu hilo.

Injini iwe inaunguruma unapojaribu. Magari mengi hukata viti vya joto na vya kupoza betri ikishuka, na mengine hayawashi kabisa mpaka altaneta ifanye kazi. Betri iliyotulia, yenye afya, husoma takriban volti 12.6; injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.4. Kama hapo pana kasoro, malizana napo kwanza.

Sasa usalama, na hili nalisema kwa uzito wote. Chini ya kiti, pamoja na nyaya unazozitafuta, hupita nyaya za eabegi ya ubavuni na za kikaza-mkanda. Plagi zake kwa kawaida ni za njano. Usizipime kwa mita, hata kwa sekunde moja: kiasi kidogo cha umeme kinachotoka kwenye mita iliyowekwa upande wa omu kinaweza kuulipua mfuko huo usoni kwako. Ukihitaji kuzichomoa au kukitoa kiti, zima swichi, toa waya hasi wa betri, usubiri muda uliotajwa na mtengenezaji wa gari hilo. Mimi husubiri dakika kumi hata kitabu kikiniruhusu chini ya hapo. Na ukishazichomoa, usiwashe swichi mpaka zirudi, la sivyo utajiwashia taa ya eabegi na kujiongezea kazi. Kiti cha abiria nacho mara nyingi kina sensa ya uzito inayoamua kama eabegi ilipuke au la. Sponji likibadilishwa ovyo, sensa hiyo inapotea hesabu, na anayeumia ni mtu ambaye hata hukumwona.

Ukishafika chini ya kiti, tumia macho na pua kabla ya mita. Nyaya za kiti zinaishi maisha magumu: kila dereva anapokisogeza mbele na nyuma, zinavutwa, zinakunjwa, zinasuguliwa na reli. Tafuta waya uliochubuka, plagi iliyoachia, sarafu au kalamu iliyoingia kwenye feni, nywele zilizojisokota kwenye mhimili. Kisha weka kiganja chini ya zulia. Ukikuta unyevu, umeshaipata nusu ya hadithi. Maji huingia kwa njia nyingi: bomba la kiyoyozi lililoziba, paa la kioo linalovuja, mafuriko ya masika. Ila kubwa kuliko zote mjini ni uoshaji. Kijana anaelekeza mpira wa maji ndani ya gari na kusafisha zulia kama sakafu ya choo, wakati soketi za kiti ziko palepale sakafuni. Nyingi kati ya hizo hazikutengenezwa kuzuia maji. Baada ya miezi michache zinaota ukungu wa kijani.

Hapa ndipo panapowatenganisha mafundi, na nitakaa hapa kidogo.

Gari moja kubwa kutoka Japani lilikuja gereji likiwa na tabia hii: ukibonyeza kupoza upande wa dereva, taa inawaka, feni inaanza, na baada ya sekunde chache kila kitu kinazima. Upande wa abiria mzima. Kwenye mashine ya kusomea hitilafu, kodi iliyotoka ilisema volti za kontroli boksi ya kiti ziko chini. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha boksi, akaweka ya mtumba kutoka gari la aina hiyohiyo. Kodi ileile ikarudi. Akapima soketi ya boksi ikiwa imechomolewa, akapata volti 14. Akapima ethi, yaani waya unaorudi kwenye bodi ya gari, kwa ile sehemu ya mita inayopiga kelele, mita ikalia. Umeme upo, ethi ipo. Akahitimisha kwamba na boksi ya pili ni mbovu, akamwambia mwenye gari atafute ya tatu.

Kila alichopima kilikuwa sahihi, na hitimisho lilikuwa potofu, kwa sababu alipima njia ambayo umeme haukuwa unapita. Mita ya kawaida inanyonya umeme mdogo mno. Waya wenye nyuzi arobaini uliobakiwa na uzi mmoja utaipa mita volti 14 bila shida yoyote. Na sauti ile ya kulia haina maana ya waya mzuri. Mita nyingi hulia hata kwenye ukinzani wa omu ishirini au zaidi, wakati kiti kinachovuta ampea tano hakivumilii hata omu moja njiani. Kinachotakiwa ni kuubebesha waya mzigo, kisha kupima ukiwa umebeba.

Mzigo mzuri kuliko yote ni wa bei rahisi: balbu ya taa kubwa, ya wati 55, iliyounganishwa nyaya mbili. Hiyo peke yake inavuta zaidi ya ampea nne. Kwenye gari lile kiti kiliinamishwa nyuma, plagi za njano zikaachwa mahali pake bila kuguswa, soketi ya boksi ikachomolewa, na balbu ikaunganishwa kati ya tundu la umeme na tundu la ethi kwenye soketi hiyo. Ishikwe kwenye kitako chake na isilazwe kwenye zulia, maana kioo chake kinaunguza. Injini ikiwa inaunguruma, balbu iliwaka rangi ya chungwa, taa ya mtu mgonjwa. Mita kwenye miguu ya balbu ilisoma 8.2. Yaani kati ya volti 14, karibu sita zilikuwa zinapotelea njiani.

Swali lililobaki ni njia ipi: ya kuja au ya kurudi. Balbu ikiendelea kuwaka, ncha moja ya mita iliwekwa kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye tundu la umeme la soketi: 0.3. Hiyo ni njia ya kuja, yenye fyuzi na mita kadhaa za waya, na haina neno. Kisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye tundu la ethi: 5.5. Jumlisha 8.2, 0.3 na 5.5, unapata 14 kamili. Hesabu ikifunga hivyo, unajua hakuna kilichojificha.

Waya wa ethi ulifuatwa hadi kwenye bolti iliyofungwa kwenye bodi chini ya zulia, karibu na kizingiti cha mlango wa dereva. Zulia juu yake lilikuwa na unyevu. Kichwa cha bolti kilikuwa chekundu kwa kutu, na kwenye kishikio cha waya nyuzi zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zikabaki chache zinazong'aa. Kwa volti 5.5 zilizopotea na ampea tatu na ushei zilizokuwa zinapita, ukinzani wa pale ulikuwa chini kidogo ya omu mbili. Ni kiasi kidogo ambacho mita inakililia kwa furaha, na ni kikubwa kiasi cha kuchoma wati kumi na saba hivi pale kwenye bolti. Boksi ilipowasha feni tu, volti zilitosha. Ilipofungulia na Peltier, zikaporomoka, ikajizima. Ilikuwa inafanya kazi yake. Boksi zote mbili zilikuwa nzima.

Gharama ya tiba ilikuwa kishikio kipya kilichobanwa kwa koleo lake, bodi iliyokwanguliwa kutu mpaka chuma kikaonekana, na mafuta ya kuzuia maji juu yake. Sikubali kusokota waya na kuufunga tepu nyeusi mahali kama hapo. Maji yatarudi, na safari ijayo atakayelipa ni mteja yuleyule. Baada ya hapo balbu iliunganishwa tena: upande wa ethi ukasoma chini ya 0.1. Hicho ndicho kiasi ninachokikubali kwa ungio moja lenye mzigo.

Fundi anayebadilisha boksi bila kupima hivi anapiga ramli kwa pesa ya mtu mwingine. Kontroli boksi ya kiti si spea ya kununua dukani kama plagi za injini. Nyingi ni za kuagiza, na baadhi zinahitaji kusajiliwa kwenye gari kwa mashine ndipo zifanye kazi.

Kama njia za umeme ni nzima chini ya mzigo, ndipo uende kwenye vifaa vyenyewe. Nyuzi za joto ni rahisi: zichomoe, pima omu. Kwa mkeka, yaani kitambaa chenye nyuzi hizo, wa wati 60 kwenye volti 12, tarajia takriban omu 2.4. Mita isiposoma kitu, uzi umekatika, na mara nyingi mahali ni pale kiti kinapokunjika au pale mtu alipopiga goti akipanga mizigo nyuma. Kuna magari ambayo mkeka wa kalio na wa mgongo imeungwa mfululizo, kwa hiyo mmoja ukikatika yote inakufa. Kwa mengine kila mmoja una njia yake. Mkeka uliokatika usiuunge kwa risasi ya kuchomelea. Mahali pa kiungo panakuwa na moto kuliko pengine, nao uko chini ya mwili wa mtu. Vitabu vya magari vinaonya juu ya wenye kisukari na waliopooza, ambao ngozi yao inaweza kuungua bila wao kuhisi. Badilisha mkeka mzima. Najua wengi huku hawakigusi kibonye cha joto mwaka mzima, lakini muulize mtu wa Njombe mwezi Julai.

Kigae cha Peltier kina hila zake. Ukikipima omu, mita inababaishwa, kwa sababu kigae chenyewe huzalisha umeme upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine. Mwanafizikia Seebeck alilionyesha jambo hilo tangu 1821. Basi igeuze hila hiyo iwe kipimo. Kichomoe kigae, weka mita kwenye milivolti, kisha ukipashe upande mmoja kwa mashine ya kukaushia nywele kutoka mbali. Kigae kizima kitaonyesha namba inayopanda. Kilichopasuka hakionyeshi chochote: vipande vyake vyote vimeungwa mfululizo, na ungio moja likiachia kutokana na kupoa na kupata moto kila siku, kazi imekwisha.

Sensa ya joto ni kitu kidogo chenye madaraka makubwa. Nyingi husoma takriban omu 10,000 kwenye nyuzi joto 25, na ukinzani hushuka kadiri joto linavyopanda. Ibane kwa vidole uone namba zikiteremka taratibu bila kurukaruka. Waya wake ukikatika, boksi inadhani kiti kiko kwenye baridi kali isiyowezekana. Ukipiga shoti, inadhani kinaungua. Kwa vyovyote vile inakataa kuwasha, na fundi asiyejua analaumu feni.

Kuhusu feni, hesabu nyaya zake kabla hujaipa umeme wa moja kwa moja. Ya nyaya mbili unaweza kuijaribu kwa betri. Ya nyaya tatu au nne ina waya wa amri na pengine wa kutoa taarifa ya kasi. Ukiupa volti 12 waya usio wake, umeiua. Kadhalika usishtuke mita ikisoma volti saba kwenye nyaya za feni au za joto. Boksi nyingi hudhibiti nguvu kwa kukata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, na mita inakupa wastani tu. Mwenye osiloskopu ataona mapigo yenyewe. Asiye nayo aweke kiti kwenye ngazi ya juu kabisa kabla ya kupima.

Mashine ya kusomea kodi ni msaada, lakini vile vijisomeo vya bei rahisi husoma injini pekee. Kodi za viti huanza na herufi B, nazo zinahitaji mashine inayoweza kuzungumza na boksi za bodi. Tena kodi inataja njia ya umeme, haitaji kifaa kibovu. Gari lile lilisema "volti chini", na lilisema kweli tupu. Kwa magari yaliyouzwa Japani pekee, ambayo vifuniko vya boksi la fyuzi vimeandikwa Kijapani na michoro yake ni shida kuipata, kiti cha upande wa pili ndicho mchoro wako: pima kilicho kizima, andika namba, kisha linganisha.

Ukimaliza, funga bolti za kiti kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa ndizo zinazomshikilia dereva gari likigonga. Rudisha waya wa betri, washa swichi, uitazame taa ya eabegi mpaka izime yenyewe. Futa kodi. Halafu kaa mwenyewe kwenye kiti hicho, weka kupoza ngazi ya juu, mlango umefungwa, injini inaunguruma, na usiinuke mpaka robo saa ipite: ungio linalolegea likipata moto halijitokezi dakika ya kwanza.